Nimevua glovu, wananiita ofisini: niende?

Maswali ya wasomaji. Anayejibu alilinda lango kwa misimu 14 mkoani Mtwara, kisha akawa meneja wa timu kwa miaka tisa. Anaishi Mikindani.

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni golikipa, nina miaka 34, nakaa Chikongola hapa Mtwara mjini. Timu yetu ni ya madaraja ya chini, posho inakuja ikija. Goti la kulia linanisumbua tangu msimu wa juzi, na daktari ameniambia nichague kati ya kucheza sasa na kutembea vizuri uzeeni. Mwezi uliopita mwenyekiti aliniita akasema, "Vua glovu, msimu ujao wewe ndiye meneja wa timu." Kocha hana neno. Wachezaji wenzangu wengine wamefurahi, wengine nikipita wananyamaza. Kijana mmoja akanionyesha kwenye simu habari ya golikipa wa hoki ya barafuni huko Marekani, aliyestaafu na siku hiyohiyo akawa mkubwa wa timu yake. Akaniambia, kama yule kaweza, wewe unaogopa nini? Naomba uniambie ukweli. Kipa anaiweza kazi hii? Na nitakaaje juu ya watu niliokula nao sahani moja?

Golikipa, Chikongola

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Huyo mtu wa barafuni anaitwa Garth Snow, na habari zake nilizipata mwaka uleule zilipotokea, 2006, nikiwa kwenye usukani njia ya Msimbati. Nilikuwa nimeshaacha mpira, naendesha gari la Wakanada waliokuja kufanya kazi ya gesi ya Mnazi Bay. Njia ile unaijua ilivyokuwa. Mchanga ukishika matairi, mnashuka, mnakaa chini ya mkorosho mnasubiri kuvutwa, na hapo ndipo watu huongea. Mmoja wao, injinia wa kutoka Calgary, alikuwa kipa wa hoki ujanani. Nilipomwambia kuwa mimi pia nimetoka langoni, alinipa mkono upya, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana. Tangu siku hiyo akawa ananisimulia makipa wa kwao, nami namsimulia mechi za Nangwanda Sijaona.

Lango lao ni dogo, upana mita 1.83 na kimo mita 1.22. La kwetu la mita 7.32 kwa 2.44 linameza malango yao manane. Lakini kinachopigwa kule ni paki, kisahani cha mpira mgumu chenye gramu 170 hivi, wanachokigandisha kabla ya mechi ili kisirukeruke, na mashuti makali yanapita kilomita 160 kwa saa. Hadi mwaka 1959 karibu makipa wote wa ligi yao kubwa walisimama mbele ya kitu hicho uso mtupu. Tarehe 1 Novemba mwaka huo Jacques Plante wa Montreal alipasuliwa uso mjini New York, akashonwa, akasema harudi uwanjani bila kinyago, na alirudi nacho. Nakutajia haya ili usidhani nakuletea mfano wa watu wasiojua unachokijua wewe. Kukaa peke yako nyuma ya wenzako, ukiona kosa linakuja kabla halijafika, hilo wanalijua vilevile.

Sasa Snow. Alikuwa kipa wa akiba wa New York Islanders. Julai 18, 2006, mwenye timu, Charles Wang, alimwondoa meneja mkuu Neil Smith, aliyekuwa amekaa kwenye kiti siku 40 hivi tu, na kiti kile akampa Snow. Snow akastaafu uchezaji siku hiyo. Kijana wako hakukudanganya.

Ila hakukusomea mpaka mwisho. Kipa namba moja wa timu ile, ambaye Snow alikuwa akimkalia benchi, aliitwa Rick DiPietro. Mwezi Septemba, hata miezi miwili haijatimia sawasawa tangu Snow aingie ofisini, DiPietro alipewa mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 67.5. Miaka kumi na mitano, kwa kipa! Majeraha yakamwandama mmoja baada ya mwingine, na mwaka 2013 timu ikaamua kumlipa aondoke. Malipo hayo yamepangwa dola milioni 1.5 kila mwaka hadi 2029. Injinia wangu alikuwa ameshaondoka Mtwara siku nyingi wakati huo, lakini nilimkumbuka, maana siku aliyosikia juu ya mkataba ule alipiga dashibodi kwa kiganja akatikisa kichwa mpaka tulipofika.

Simlaumu Snow. Timu yake ilifika hatua ya mtoano msimu wake wa kwanza kabisa, naye akadumu ofisini miaka 12, hadi 2018. Na mikataba mirefu ilikuwa mwendo wa Wang tangu zamani, kwani mwaka 2001 timu hiyohiyo ilimpa Alexei Yashin mkataba wa miaka 10. Sijui kilichosemwa ndani ya ofisi ile wala sitabuni. Najua kitu kimoja tu, kwa sababu nimekipitia: mtu aliyetoka jana kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akapewa kiti na mkubwa kama zawadi, ni vigumu sana kumwambia mkubwa huyo hapana.

Kwa hiyo, mdogo wangu, naona umeogopa upande usio wenyewe. Umeniuliza utakaaje juu ya wachezaji. Hujaniuliza utakaaje chini ya mwenyekiti.

Nikueleze yaliyonipata. Msimu wangu wa pili wa umeneja, kwenye timu ambayo siitaji, kiongozi mmoja alitaka kijana wa nduguye asajiliwe. Nafasi zilikuwa zimejaa. Akanionyesha kwa kidole jina la beki aliyecheza mbele yangu misimu tisa. Tuliwahi kulala mkeka mmoja kwenye madarasa ya shule wakati wa ligi ya mkoa, ming'oko tukinunua pamoja njiani, tukimenya na kula ndani ya lori. Alikuwa na miaka 33 lakini bado alikuwa na mechi nzuri miguuni. Mimi nilijua hivyo, kocha alijua hivyo, na nilinyamaza. Nikaandika orodha bila jina lake, nikaibandika mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, nikaondoka kabla watu hawajafika. Yeye aliisoma pamoja na watoto wa mtaa.

Ilinichukua majuma matatu kupata ujasiri wa kwenda kwake Naliendele. Nilimkuta uani anabangua korosho, mikono yote imeingia weusi wa maganda. Hakunigombeza. Aliniletea kiti, akaniambia, "Ungekuja wewe kabla ya karatasi, ningekuelewa." Kisha akaendelea kubangua. Sisi ni marafiki mpaka leo, na bado sentensi ile naisikia.

Linganisha na mtu mwingine wa barafuni, Jim Rutherford. Naye kipa, alicheza misimu 13, Detroit ndiko alikokaa zaidi. Alipoacha mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakukimbilia kiti kikubwa. Alikwenda kuendesha timu ya vijana huko Windsor, Kanada, akajifunza safari, mikataba, wazazi wa wachezaji, kila kitu, na mwaka 1994 tu ndipo akawa meneja mkuu wa Hartford Whalers, ambayo baadaye ilihamia Carolina. Mwaka 2006, mwaka uleule wa Snow, timu yake ilichukua Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi yao. Na unajua nani alikuwa langoni? Cam Ward, kijana wa miaka 22 katika msimu wake wa kwanza, aliyeingizwa wakati mtoano umeshaanza, mahali pa kipa aliyecheza sehemu kubwa ya msimu. Akatoka mchezaji bora wa mtoano wote. Kumweka mtoto ulikuwa uamuzi wa kocha, lakini aliyehakikisha kuna mtoto wa kuwekwa ni ofisi ya kipa mzee. Hii naipenda kuliko zote.

Kisha Rutherford akahamia Pittsburgh, akachukua kombe 2016 na tena 2017. Pale alikuwa na Marc-André Fleury, kipa aliyekuwa na timu tangu 2003, mji mzima unampenda. Lakini alikuwepo pia Matt Murray, mdogo, na lango ni moja. Mwaka 2017 ligi iliongeza timu mpya, Vegas, ikaruhusiwa kuchukua mchezaji mmoja kutoka kila timu. Mkataba wa Fleury ulikuwa na kipengele cha kumlinda asihamishwe bila ridhaa yake. Walimwendea wakaongea naye, akakubali kukiondoa, na Pittsburgh ikawapa Vegas haki yake ya kuchagua kijana mmoja chipukizi siku za mbele ili wamchukue Fleury. Fleury akabeba kombe lake la mwisho Pittsburgh, akaenda Vegas, na msimu uliofuata akaipeleka timu ile changa hadi fainali. Mtu aliachwa, na hakuisoma habari yake mlangoni.

Sasa kabla hujajipima na hawa, jua kwamba kazi yao na kazi uliyoitiwa si moja. Meneja mkuu wa kule ndiye anayesajili, anayebadilishana wachezaji na timu nyingine, anayemwajiri kocha na kumfukuza. Tangu 2005 ligi yao imeweka kikomo cha mishahara ya timu nzima, msimu wa kwanza kikiwa dola milioni 39, kwa hiyo kila anayempa mmoja anamnyima mwingine. Meneja wa timu wa kwetu ni mtu wa leseni, basi, malazi, chakula, jezi, na kikao cha kabla ya mechi na kamishna. Watu wanaidharau kazi hii. Msikubali kuidharau. Mechi yangu ya kwanza kama meneja tulishinda mabao mawili kwa bila, nikarudi Mikindani nikiimba moyoni. Siku mbili baadaye tukanyang'anywa pointi, kwa sababu kiungo wetu alikuwa na kadi tatu za njano na mimi sikuhesabu ya tatu, ile aliyopewa kule Masasi dakika za mwisho. Kama kipa nilikuwa nimefundishwa kusahau bao lililopita ili nidake linalokuja. Kwenye umeneja tabia hiyo ni sumu. Huko unatakiwa kukumbuka kila kitu.

Basi nikanunua daftari, lile gumu la kurasa 200, nikawa naandika kadi, majeraha, nani amelipwa posho na nani bado, nani mke wake anakaribia kujifungua. Madaftari yale ninayo, yako tisa.

Unauliza kama kipa anaiweza. Anaiweza, na hata tabia ya uwanjani haimfungi. Ron Hextall wa Philadelphia alikuwa kipa mkali kupindukia. Misimu yake mitatu ya kwanza, kila msimu alipata adhabu zinazozidi dakika 100, na kule kipa akiadhibiwa ni mwenzake anayekwenda kukaa nje kwa niaba yake. Mwaka 1987 alikuwa kipa wa kwanza wa ligi ile kufunga bao kwa kulipiga mwenyewe hadi lango la pili. Alipostaafu 1999 alianza chini, akisaka vipaji, akapanda, akawa msaidizi wa meneja mkuu Los Angeles walipochukua kombe 2012, na mwaka 2014 akakabidhiwa Philadelphia yenyewe. Akiwa ofisini akawa mtu wa subira, akikusanya vijana na kukataa kuuza kesho ili kununua leo. Walimwondoa 2018. Mtu anaweza kufanya kazi kwa busara na bado akaondolewa, nalo ujiandae nalo.

Ushauri wangu. Nenda, lakini usiende kama Snow. Mwombe mwenyekiti msimu mmoja uwe msaidizi wa meneja aliyepo au wa katibu, ukae naye wakati wa dirisha la usajili, uone mfumo wa mtandaoni unavyojazwa na pingamizi linavyojibiwa. Kama hakuna mtu wa kukufundisha, omba timu nyingine, hata Lindi au Ruangwa, wakukubali wiki mbili ukae kando uangalie. Namungo walipopanda Ligi Kuu mwaka 2019 wengi tuliona wachezaji tu. Mimi nilikwenda Ruangwa kuangalia basi linavyopakiwa, na sikujuta.

Halafu kaa na mwenyekiti kabla hujasema ndiyo. Muulize mambo matatu na uandike majibu mbele yake: nani ana neno la mwisho kwenye usajili, nani anashika fedha za posho, na mchezaji akiachwa nani anamwambia. Kwenye fedha usikubali kushika shilingi bila karatasi ya saini za wachezaji. Makelele mengi yanayowatoa mameneja wa timu zetu hayatokani na matokeo bali na elfu tano tano. Kwenye hilo la tatu, sema ni wewe, na sema utamwendea mtu nyumbani kwake kabla karatasi haijatoka. Akikasirika ukimuuliza haya, umeshapata jibu lako, baki na goti lako ufundishe makipa watoto pale Shangani.

Wale wanaonyamaza ukipita, usiwafuate kuwachekesha. Waambie kikao cha kwanza kwamba hutakula nao tena sahani moja siku ya kupanga orodha, siku nyingine mlango wako uko wazi. Wataumia kidogo. Watakuheshimu posho itakapofika siku uliyosema.

Na goti, kanda kwa maji ya moto jioni. Ngazi za ofisini nazo zinaumiza.

SWALI

Shikamoo babu. Nipo kidato cha tatu, Lindi. Nadaka kwenye timu ya wasichana ya shule na wenzangu wamenichagua nahodha, lakini mwalimu wa michezo amekataa, anasema golikipa hawezi kuwa nahodha kwa sababu yuko mbali na mwamuzi. Ni kweli kuna sheria hiyo?

Mdaka mipira, Lindi

JIBU

Marahaba mjukuu wangu. Kwenye soka sheria hiyo haipo. Dino Zoff alikuwa kipa na nahodha wa Italia ilipochukua Kombe la Dunia 1982, akiwa na miaka 40. Iker Casillas akafanya hivyo na Hispania 2010, Hugo Lloris na Ufaransa 2018. Hapa kwetu Juma Kaseja alivaa kitambaa Simba.

Mwalimu wako huenda amechanganya na mchezo niliokuwa nauzungumzia hapo juu. Kwenye hoki ya barafuni ya ligi kuu ya Amerika Kaskazini sheria hiyo ipo kweli, tangu miaka ya 1940, wakati Bill Durnan wa Montreal alipokuwa kipa na nahodha na wapinzani wakalalamika kwamba kila akiliacha lango kwenda kuongea na mwamuzi mchezo unasimama. Hata hivyo mwaka 2008 timu ya Vancouver ilimtangaza kipa wake Roberto Luongo kuwa nahodha. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuweka herufi ya unahodha kwenye jezi, aliichora kwenye kinyago, na wa kuongea na mwamuzi wakawa wengine. Siku hizi Luongo yuko ofisini Florida, na timu hiyo imechukua kombe 2024 na 2025.

Usibishane na mwalimu mbele ya timu. Mwendee baada ya mazoezi, na mwenzako mmoja, umwombe kwa adabu mfungue kitabu cha sheria za soka pamoja. Mpendekezee pia kwamba beki wa kati awe msaidizi wako wa kumfikia mwamuzi haraka, hapo hoja yake ya umbali itakuwa imepata jibu. Ukipewa kitambaa, kifunge mkono wa kushoto juu ya kiwiko, si chini yake, kisikusumbue unapodaka. Halafu niandikie mechi ya kwanza ilikwendaje.